Mama, Goti Lasemaje?

Mji wa Kale, Mombasa
Ijumaa, baada ya sala

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha narudi tena kwa ule wa kulia kwa kuwa nina hamu nao. Mimi mwanao sijambo, afya ninayo, kazi ninayo, na chakula nakula nikashiba. Hali yako wewe siijui, na hilo ndilo lililonikalisha kitako nikaandika. Naomba barua hii ikukute umekaa pazuri, mgongo umeegemea mto, na Rukia yuko karibu amevaa miwani yake. Rukia dada yangu, msomee mama kama nilivyoandika. Usiruke mahali kwa kuona haya, wala usinitilie maneno yako.

Barua anakuja nayo Ami Lali. Alikuja huku kutafuta vipuri vya mashine yake ya kusaga, akanipitia kunijulia hali, na kesho asubuhi atapanda basi hapo Mwembe Tayari kuja huko Lamu. Nimempa na kifurushi kidogo, halua na leso mbili, na nimemsihi asiikalie halua mpaka ikawa bapa kama mara iliyopita.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Simu tunazo, na kila wiki tunazungumza. Lakini hebu zikumbuke simu zetu, mama. Wewe huniuliza hujambo, mimi husema sijambo. Nami hukuuliza, nawe husema sijambo babangu, alhamdulillahi. Tunaulizana habari za nyumbani, za kazi, za majirani, za mvua, na zote ni njema. Kisha wasema nisimalize pesa zangu, wakata. Mimi nabaki na simu mkononi, nimezungumza na mama yangu na sijui lolote. Barua haikatwi. Na kwenye barua huwezi kunijibu "sijambo" kabla sijamaliza kuuliza.

Bado nakaa kile chumba cha juu. Ngazi zake ni za mwinuko kama zetu, na kuta zake nene, hata jua likiwaka namna gani ndani ni baridi. Kwa hilo namshukuru Mungu. Ila kuna jambo moja katika chumba hiki linaloniudhi na sijapata kumwambia mtu. Ng'ambo ya kichochoro kuna nyumba, na ndani yake kuna mama mmoja ambaye simjui hata sura, kwani dirisha lake lina pazia. Sauti yake naijua. Siku nisizokuwa kazini namsikia alasiri akimwita mwanawe anayecheza chini, amwita mpaka aitike. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, kila akiita nainua kichwa.

Nadhani ni kwa sababu huku hakuna aniitaye. Kazini naitwa Athmani. Vijana wananiita Bwana Athmani, na wazee wa wodini wananiita daktari, ingawa kila siku nawaambia mimi ni muuguzi tu. Wewe ulinipa jina la marehemu babako, na kwa heshima yake hukupata kulitamka kwangu hata siku moja. Tangu nikiwa mchanga waniita Baba. Nilikuwa nikikunja kona ya kichochoro chetu natoka chuoni kusoma Kurani, nawe uko dirisha la juu, waita "Baba!" na mtaa mzima wajua ni nani anayetakiwa. Siku niliyokuja huku ulifanya vivyo hivyo. Nimeshika begi, nimeshafika kwenye kona, ukaita, nami nikageuka nikasema naam mama, nawe hukuwa na la kusema. Ulitaka kuita tu. Hiyo ndiyo sauti niliyoondoka nayo.

Sasa nikueleze kazi, maana siku zote wauliza kama nimezoea na mimi nasema nimezoea, na hapo habari yaishia.

Hospitali yetu iko papa hapa kisiwani. Wanakuja watu wengi walioharibika magoti, wazee na wake wa makamo, watu waliosimama madukani maisha yao yote, au waliobeba magunia, au waliopanda na kushuka ngazi kama wewe. Hupasuliwa, na goti lililokwisha hutiwa jipya la chuma. Wakati wa kupasuliwa hawasikii kitu, kwa kuwa hupigwa sindano ya ganzi mgongoni, na kuanzia kiunoni kwenda chini mwili wote hulala. Balaa huja baadaye. Ganzi ile ikiisha, goti huamka, na likiamka lina hasira.

Daktari mmoja hapa, Daktari Nyaboke, mama wa Kikisii mrefu mwenye sauti ya upole, anafanya utafiti wa sindano nyingine. Hiyo hupigwa pajani, karibu na mshipa wa fahamu unaokwenda gotini. Daktari huutafuta kwa mashine kama ile wanayotazamia wajawazito, akauona kwenye kioo, akatia dawa pembeni yake, na goti likabaki limelala mpaka siku ya pili. Kwingine yatumika. Yeye ataka kujua kama hapa kwetu, kwa watu wetu na vifaa vyetu, yafaa kweli au ni maneno. Basi wagonjwa waliokubali wenyewe na kutia sahihi wanagawanywa kwa kura. Nusu wanapigwa sindano ya pajani na nusu hawapigwi, na wote wanapewa dawa za kawaida za maumivu. Wote hubandikwa plasta pajani, ili mimi ninayewauliza nisijue nani amepata na nani hakupata.

Maana kazi yangu ndiyo hiyo, mama. Kuuliza. Nazunguka wodini na kumwambia mgonjwa: nipe nambari, kuanzia sifuri mpaka kumi. Sifuri ni kwamba huumwi kabisa. Kumi ni maumivu ambayo huwezi kufikiria makubwa kuliko hayo. Naandika nambari, nampa daktari. Nilipoanza niliona ni kazi nyepesi kuliko zote nilizopata kufanya, na niliona haya kulipwa mshahara kwa ajili yake.

Nikawa nakuta sifuri. Naingia, natoa salamu, naulizia watoto, namuuliza mzee anaendeleaje, asema sijambo mwanangu, alhamdulillahi, namshukuru Mungu. Nambari je? Sifuri. Naenda kitanda cha pili, sifuri. Cha tatu, moja, na hiyo moja imetolewa kwa kunionea huruma ili nisirudi mikono mitupu. Alikuwako Mzee Kombo, zamani mpagazi wa bandarini huko Mbaraki, mtu wa miraba minne. Yeye aliniuliza hiyo kumi ndiyo ipi. Nikamweleza. Akasema, "Kumi naijua mimi. Ni siku niliyomzika mwanangu. Basi hili goti ni mbili." Na jasho lilikuwa likimtiririka hadi kidevuni. Nikaandika mbili.

Mwanzoni Daktari Nyaboke alifurahi. Kisha furaha ikamwisha, akaniita ofisini kwake akaniuliza, "Athmani, hawa watu hawaumwi kabisa?" Nikamwambia ndivyo wanavyosema. Akanionyesha ubaya wake ulipo. Ikiwa waliopigwa sindano wote ni sifuri, na wasiopigwa nao ni sifuri, basi utafiti utasema sindano haina kazi. Mashine yenyewe ni ya kuazimwa. Hospitali ilikuwa ikingoja majibu yetu ndipo inunue yake na madaktari wengine wafundishwe. Tukiwaambia haina kazi, mashine itarudi kwa wenyewe, na watu wataendelea kupasuliwa na kuamka na goti lenye hasira, huku wakisema alhamdulillahi.

Sasa nikuelezee Bi Shirinbai, maana yeye ndiye aliyetutoa gizani.

Bi Shirinbai ni Mhindi wa hapa hapa, Mwislamu, amezaliwa Bondeni na ana duka la vitambaa na lesi huko huko Bondeni. Kiswahili chake ni cha ndani kuliko changu, na akikusikia waharibu neno, akurekebisha bila kukuangalia. Alipasuliwa goti la kushoto. Nilimwendea wakati wa wageni, mkaza mwanawe amekaa kando na chupa ya chai na sahani ya bajia, na dada zake wawili wako miguuni pa kitanda. Nikatoa salamu, tukaulizana kwa urefu kama inavyopasa, nikaomba nambari. Akatabasamu na kusema sifuri, mwanangu, Mungu akulipe kheri. Nikaandika nikaenda zangu.

Wageni walipoondoka nikarudi, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kipimajoto changu juu ya kabati lake. Nilimkuta ameutia mtandio mdomoni, auma, na machozi yanamtoka bila sauti. Sijui nani kati yetu aliyeona haya zaidi. Nikaita muuguzi wa zamu akamwongezea dawa, kisha nikavuta kiti nikakaa mpaka pumzi zikamrudia. Nikamwambia, Bibi, si ulinambia sifuri?

Safari hii akaniangalia, kama kwamba nimeharibu neno.

"Weye uliniuliza hali," akasema. "Hali hujibiwa kwa shukurani. Ulitaka n'seme nini mbele ya mkaza mwanangu, na dada zangu wamekuja na bajia? Mimi sijambo. Nina watoto, nina duka, Mungu hajaninyima kitu. Hiyo ndiyo hali yangu. Goti hukuliuliza."

Nikamuuliza, na goti lasemaje?

"Goti lasema tisa," akasema, akafumba macho.

Mama, nilibaki pale kwenye kiti nikijilaumu. Mimi ni mtoto wa Lamu. Nimelelewa nikijua kwamba mtu akiulizwa hali hujibu njema, hata kama nyumba yake inaungua, na baada ya hapo ndipo huomba maji ya kuzima moto. Mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kuliko wote. Lakini niliuliza kama wanavyouliza vitabuni na wao wakanijibu kama walivyolelewa, na sote tulikuwa na adabu nzuri mno.

Nilipomweleza Daktari Nyaboke alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mamake huko kwao Kisii aliwahi kuvunjika mkono akamaliza siku nzima akiuficha ndani ya shuka, kwa sababu kulikuwa na wageni. Kisha akaacha kucheka, akafanya lililo gumu. Alizifungia kando zile nambari zote tulizokusanya, akaiandikia kamati inayosimamia utafiti na kuwaeleza kosa bila kulipamba, na akaomba ruhusa tuanze upya, na wagonjwa wapya. Ndiyo sababu sikuja Idi ile, mama, wala iliyofuata. Ulipoulizia nilisema ni mambo ya kazi, nawe ukasema hewala babangu, kazi ni ibada. Sauti yako ilishuka kidogo tu. Niliisikia.

Siku hizi tunauliza hivi. Tunangoja wageni watoke. Naingia natoa salamu, na salamu siikatizi. Tunaulizana mpaka zinakwisha zenyewe na kila mtu amemshukuru Mungu wake. Kisha navuta kiti. Nasema, haya, wewe hujambo, hilo tumelijua. Sasa naomba ruhusa nizungumze na goti. Namwambia alikunje kidogo. Ndipo nauliza, goti lasemaje?

Ungeziona nyuso zao. Mtu aliyekuwa mkavu kama ubao anaanza kucheka, kisha analiteta goti lake kama mtu anayemteta jirani. Lina kiburi. Limekataa kulala. Lasema saba, na ni rongo, ni nane. Mimi sijambo lakini hili, mwanangu, hili halina adabu. Hata Mzee Kombo, aliporudi kupasuliwa goti la pili na kukubali kuingia tena katika utafiti, nilimuuliza kwa mtindo huo. Akafikiri sana. Akasema, "Goti halikumzika mtu. Lasema saba."

Kama sindano inafaa au haifai, bado sijui, na sitakudanganya. Bahasha za kura hazijafunguliwa. Nijualo ni kwamba sasa katika wodi moja kuna goti linalosema mbili na jirani yake lasema tisa, na zamani yote yalikuwa sifuri.

Hapo ndipo nilipofika, mama, nikijiona fundi wa kuuliza, Rukia aliponipigia simu. Alikuwa na habari za kigae kinachovuja juu ya ukumbi, na katikati ya kigae akateleza akasema maji yamefika mpaka kwenye kitanda cha mama. Nikamwambia kitanda cha mama kiko juu, maji ya ukumbini yatakifikaje? Akarudi kwenye kigae, nikambana. Rukia, soma tu, ulishasema, hakuna wa kukugombeza. Ndipo nikajua kwamba kitanda chako kimeshuka chini tangu zamani, kiko ukumbini karibu na mlango, na kwamba wasali umekaa kitini, na kwamba kule juu hukukanyaga tangu mvua za mwaka jana.

Nikakupigia hapo hapo. Nikasema mama, hujambo? Ukasema sijambo babangu, alhamdulillahi, weye hujambo? Nikakata simu nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Nawatoza watu wa Mombasa nzima nambari zao, na mama yangu mwenyewe miaka yote ananipa sifuri nami naiandika.

Najua unachoogopa. Unamkumbuka Khalati Fatuma. Mimi nilikuwa mdogo lakini namkumbuka, dada yako yule mcheshi, alivyorudi kutoka hospitali na mguu wake, na zile sauti alizotoa usiku na mchana, nawe ukikaa kichwani pake na kumsomea. Ulisema siku ile kwamba wewe, hata mguu ukikauka, hutapasuliwa. Sikulaumu. Lakini Khalati hakuna aliyemuuliza mguu wasemaje. Alipewa vidonge viwili na kuambiwa avumilie, na alipopita daktari akamuuliza hali, nilimsikia kwa masikio yangu akisema hajambo.

Nimezungumza na Daktari Nyaboke habari zako. Kwenye kura hawezi kukutia, kwa kuwa mimi ndiye muulizaji na si haki. Amesema, "Mleteni mama. Sindano ya paja nitampiga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu." Nilimuuliza kwa nini, na yeye hajui bado kama yafaa. Akasema kwamba akiwa mtafiti hajui, lakini lingekuwa goti la mamake asingengoja bahasha.

Sikufichi lililoko. Utaumwa, mama. Sindano yenyewe yachoma kidogo, na ikiisha nguvu, siku ya pili goti litaamka, na itabidi umeze dawa kwa wakati na si kungoja mpaka ushindwe. Mguu utakuwa mzito kwa muda, na hutaruhusiwa kuinuka peke yako hata kwenda msalani, na najua hilo ndilo litakalokuudhi kuliko kisu. Utafundishwa kulikunja goti wakati halitaki, na utanitukana. Nitakuwa pale nikitukanwa. Nitakuuliza asubuhi, adhuhuri na jioni, na salamu tutazimaliza kwanza.

Pa kukaa pako tayari. Ngazi zangu huziwezi, lakini Bi Shirinbai ana chumba cha chini nyuma ya duka lake, kina dirisha la uani na choo chake. Nilipomsimulia habari zako alisema uje ukae naye, mpige soga za magoti, na kwamba atakuonyesha lesi ambazo hazijapata kufika Lamu. Yeye sasa atembea mpaka msikitini na kurudi. Ameniambia nikwambie kwamba maumivu yalikuwako, hasemi hayakuwako, ila yalipoulizwa jina lao yalipungua kiburi.

Njoo baada ya Maulidi. Najua kabla yake hutoki Lamu hata ukivutwa kwa kamba. Lakini usivuke hapo sana, mama, kwani utafiti ukimalizika Daktari Nyaboke atarudi Nairobi, na mashine ile ya kuazimwa sijui itakuwa wapi. Ami Lali amekubali kufuatana nawe na Rukia. Utakaa kiti cha mbele unyooshe mguu.

Ninaloomba kwanza ni dogo kuliko safari. Rukia akimaliza kusoma, mwache akae chini karibu nawe. Mshukuru Mungu kwanza, kwa sauti, kwa kila kitu kama ulivyozoea. Kisha yeye aliulize goti, na wewe uliache goti lijibu. Nambari litakayoitoa, Rukia anipigie aniambie. Nambari tu. Hata kama ni kumi sitashtuka, na hata kama ni mbili sitakulazimisha kuja. Lakini iwe ni ya goti, isiwe ya heshima.

Nisalimie tena Ami Lali huyo, japo nimemuaga hapa. Mnisalimie mwalimu wangu wa chuo, mwambie sauti yake ya kusahihisha bado iko kichwani. Msalimie Mama Zena, jirani wa mkono wa kulia, na umwambie kwamba biriani ya huku haina mkono wake. Mumewe Rukia nampa salamu na namuomba, kwa hisani yake, apande akatazame kile kigae kabla hakijaangusha dari. Watoto wao wabusu mmoja mmoja. Na kwenye kaburi la baba ukipita, nisomee.

Nilipokuwa namuaga Bi Shirinbai siku aliyotoka hospitali, aliniuliza nina nani huku. Nikasema sina mtu, watu wangu wako Lamu. Akasema, "Nawe hujambo?" Nikasema sijambo, alhamdulillahi. Akacheka, akasema, "Hewala. Sasa niambie kipi kinachouma." Sikumjibu. Nilimfungia mlango wa gari. Namjibu leo, kwako.

Mimi sijambo, mama, kama nilivyosema hapo juu. Nina afya, nina kazi, Mungu hajaninyima. Ila sikio. Alasiri mama wa ng'ambo akiita mwanawe, sikio langu lainuka kabla yangu. Nataka upande tena zile ngazi, ufungue dirisha la juu, nami nikunje ile kona nikiwa na begi, uniite na usiwe na la kusema.

Sikio lasema tisa. Kumi namuomba Mungu asinijulishe.

Ni mimi mwanao,
Baba